Anayetengeneza Mguu wa Mtoto Amesomea Wapi?

Mtoto aliyepoteza mguu kwa ajali ya trekta la miwa hahitaji magongo tu. Anahitaji mguu wa bandia, na kazi hiyo si ya seremala.

Fundi wake huisomea. Hapa Kenya, chuo cha KMTC Nairobi hufundisha diploma ya teknolojia ya mifupa kwa miaka 3. Jirani zetu Tanzania wana TATCOT, Moshi, kilichoanza mwaka 1981, na Waafrika wa nchi nyingi wamesomea huko. Mwanafunzi hujifunza mifupa na misuli, kisha huingia karakana: huchukua umbo la kigutu kwa plasta, hulichonga, halafu huvuta plastiki ya moto juu yake. Akikosea kidogo tu, mtoto hupata kidonda na mguu hutupwa uvunguni.

Kila jioni kagua ngozi. Wekundu usipotoka, mrudishe kwa fundi. Mtoto hukua, kwa hivyo mguu hubadilishwa karibu kila mwaka.

Na binti yako wa sekondari anayependa fizikia na kufungua-fungua redio (hii mwachie kwanza tumalize!), mwambie kuhusu kazi hii.