Mguu wa Mjomba

Juma hili nataka niseme juu ya mguu wa mjomba wangu. Kwanza lilitoka doa moja la zambarau juu ya kifundo, halafu matatu, halafu mguu ukavimba mpaka kiatu kikakataa. Jamaa tukakaa kikao. Wakubwa wakasema amekanyaga kitu alichotegewa, na fedha ya hospitali ikaenda kwa mganga. Nami nilikuwepo, nikanyamaza. Ikapita miezi saba.

Ugonjwa ule una jina: saratani ya Kaposi. Daktari Moritz Kaposi aliueleza mjini Vienna mwaka 1872. Huku kwetu, Uganda, Kongo na Tanzania, madaktari walikuwa wameuzoea tangu kabla ya UKIMWI kujulikana. Hili nalisisitiza, kwa sababu wapo wanaomwona mtu ana madoa na papo hapo wakamhukumu. Mjomba alipimwa, hakuwa na UKIMWI.

Tumezoea kusikia kuwa saratani ya ngozi huletwa na jua, na kwa ndugu zetu wenye ualbino jua ndilo adui hasa. Lakini hii ya Kaposi huanzia kwenye chembechembe za kuta za mishipa ya damu na ya limfu, na chanzo chake ni kirusi. Mwaka 1994 Daktari Yuan Chang na mumewe, Patrick Moore, walikigundua huko New York. Ni cha jamii ya virusi vya hepesi. Mwaka 2008 kundi la hao hao wawili likapata kirusi kingine ndani ya saratani ya ngozi iitwayo ya Merkel. Nyumba moja, virusi viwili!

Kirusi cha Kaposi huenea hasa kwa mate. Wengi Afrika Mashariki hukipata utotoni, wakaishi nacho bila kuumwa. Kinga ya mwili ikidhoofika ndipo hujitokeza. Ndiyo maana UKIMWI uliufanya ugonjwa huu uzidi mno, na ndiyo maana mgonjwa wa UKIMWI akianza dawa za kupunguza makali, mara nyingi madoa hunywea.

Mjomba alipofikishwa hospitali alikatwa kinyama kidogo, kikapimwa, akaanzishiwa dawa za saratani kwa mshipa. Uvimbe umepungua, ingawa kiatu bado hakiingii. Juzi aliniuliza kwa nini sikusema neno siku ile ya kikao. Nikamwambia niliwaogopa wakubwa.