Kompyuta Ndogo Zinavyopashana Habari

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya umeme wa magari. Nitalishika jambo moja tu, ambalo linawagharimu watu fedha nyingi bila sababu: namna kompyuta ndogo zilizomo ndani ya gari zinavyozungumza. Wazee wenzangu wataniwia radhi, kwani maneno yangu mengi nawaelekezea vijana wa Kidato cha Tatu na cha Nne. Wao wameshasoma kanuni ya Ohm, na hawahitaji zaidi ya hiyo ili kunifuata.

Maikrokontrola ni kompyuta nzima iliyobanwa ndani ya chipu moja. Moja hupima joto la injini, nyingine husimamia breki, nyingine huwasha taa. Hapo zamani kila habari ilipitishwa kwa waya wake, na kadiri vifaa vilivyoongezeka ndivyo fungu la nyaya lilivyonenepa, hata likawa mzigo kwa gari lenyewe. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutafuta dawa mwaka 1983, na Februari 1986 ikautangaza mjini Detroit mtindo uitwao CAN. Nyaya ni mbili tu, zimesokotwa pamoja, na vifaa vyote vimeunganishwa hapo hapo.

Sasa mwanafunzi makini atauliza: ikiwa wote wanatumia waya ule ule, nani aseme lini? Njia moja ni kuweka kiranja. Mtindo wa I2C, uliobuniwa na Philips mwaka 1982, kwa kawaida huenda hivyo: mkubwa mmoja huwaita wadogo kwa namba zao, na asiyeitwa haanzi kusema. Ni mtindo mzuri kwa chipu zilizo kwenye bodi moja. Lakini kiranja akifa, darasa zima linakuwa bubu, na kwa breki za gari hilo halifai.

CAN haina kiranja. Yeyote mwenye neno husubiri waya utulie, kisha huanza. Je, wawili wakianza kwa pamoja? Hapa ndipo penye ufundi ambao mimi binafsi sijachoka kuusifu. Kila ujumbe hutanguliwa na namba, na katika waya huo sifuri ina nguvu kuliko moja. Chukueni namba 5 na namba 6. Kwa biti, 5 ni 101, na 6 ni 110. Biti ya kwanza wote wanatoa moja, wala hakuna anayejua kwamba mwenzake yupo. Biti ya pili, mwenye 5 anatoa sifuri, mwenye 6 anatoa moja, na waya unasomeka sifuri. Mwenye 6 anasikia kitu ambacho hakukisema, anatambua kwamba yupo mkubwa wake, ananyamaza papo hapo. Mwenye 5 anaendelea, na hakuna hata biti moja ya ujumbe wake iliyoharibika. Ndivyo ilivyo barazani: kijana na mzee wakifungua kinywa pamoja, kijana humeza neno lake akangoja. Namba halisi zina biti 11 au 29, lakini mwendo ni huo huo. Basi mhandisi huipa breki namba ndogo, na kioo cha mlango namba kubwa.

Kifaa kikiharibika na kuanza kupayuka, kila ujumbe wake ulioshindikana humwongezea alama 8 za makosa, na kila uliofaulu humpunguzia 1. Alama zikipita 255 hujitoa chenyewe kwenye waya, wengine waendelee. Kuna mikutano ninayoijua ambayo ingefaidika na kanuni hiyo.

Sasa nirudi kwenye fedha. Katika kila mwisho wa nyaya hizo huwekwa rezista ya ohm 120, ili ishara ikifika mwisho isirudi nyuma kama mwangwi. Rezista mbili za ohm 120 zikiwa sambamba, tunapata ngapi? Sitini. Basi zima gari, fungua waya wa betri, weka mita kati ya nyaya mbili za CAN. Ukisoma 60, rezista zote mbili zinaonekana. Ukisoma 120, mahali fulani njia imekatika. Ukisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana.

Mwaka 2021 niliitwa kuangalia lori. Gereji moja ilikwisha kumwambia mwenyewe kwamba kompyuta ya injini imekufa, naye alikuwa anatafuta mnunuzi wa ng'ombe zake ili anunue mpya. Mita yangu ilisoma 120. Tukafuata nyaya hadi kwenye plagi chini ya kichwa cha lori, tukakuta waya mmoja umeliwa na kutu. Tukabadilisha plagi na kipande cha waya, mita ikasoma 60, lori likawaka. Sisemi gereji ile ilikuwa na nia mbaya. Mashine yao iliandika kwamba kompyuta haijibu, nao wakasoma kwamba imekufa.

Vijana, nimewaletea bodi tatu za Arduino, kila moja na kibao chake cha CAN chenye chipu ya MCP2515, pamoja na mita na roli ya waya. Nashauri bodi moja ipime maji katika tangi la bweni, ya pili iwashe pampu, ya tatu iwe ofisini kwa mwalimu wa zamu. Kwa mwendo wa biti 125,000 kwa sekunde waya unaweza kufika mita 500 hivi, nao uwanja wetu hauzidi hapo. Ila kila kibao kinakuja na rezista yake ya ohm 120. Mkiviunganisha vitatu mita itasoma 40, nanyi mtajua la kufanya na kile cha katikati. Vifaa viko maabara ya fizikia, kabati la pili.