Kitambaa cha Darasa Zima: Kazi ya Mikono ya Watoto na Harambee ya Shule

(Haya ni maneno tuliyozungumza na kamati za wazazi na vikundi vya akina mama wa Kibera na Kawangware. Tumeyaandika hapa ili vikundi vya vijijini navyo viyasome na kuyajadili.)

Leo hatukuja kuwafundisha namna ya kuomba misaada. Tumekuja kuzungumza juu ya kitu kidogo: kitambaa, rangi, na mikono ya watoto wa nasari. Mmetuambia kwamba mnapanga harambee ya shule, na mngependa watoto wenyewe watengeneze kitu cha kuuzwa siku hiyo. Wazo ni zuri. Lakini lina mitego yake, na ni afadhali tuione sasa kuliko kuiona wageni wakiwa wameshakaa.

KWA NINI TUNACHANGISHA

Mnajua wenyewe hali ilivyo. Januari 2003 serikali ilifuta karo katika shule za msingi za umma, na watoto wengi wakaingia darasani. Hata hivyo, hapa Kibera shule za serikali kama Olympic, Ayany na Toi haziwezi kubeba watoto wote. Kawangware nako ziko Kawangware na Gatina, na watoto ni wengi kuliko madawati. Ndiyo maana wazazi, makanisa na misikiti walianzisha shule za jamii, nyingi zikiwa za mabati. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Haki hiyo tuidai. Lakini wakati tunaidai, bati linavuja na mwalimu naye ana watoto wa kulisha. Basi tunaitana.

Neno harambee lilikuwa wito wa watu wanaovuta mzigo pamoja. Mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta akalifanya wito wa taifa zima. Tulikumbuke hilo: wakati wa kuvuta, hakuna anayesimama kando kuuliza huyu amevuta kiasi gani na yule kiasi gani. Mzigo ukisogea, wamesogeza wote. Kazi ya watoto tunayoizungumzia leo ifuate njia hiyo hiyo.

SANAA SI YA MATAJIRI PEKE YAO

Kuna mzazi atakayesema: mambo ya kuchora ni ya watu wa Westlands, sisi tunataka mtoto ajue kusoma. Tumweleze taratibu. Hapa Kibera kikundi cha wasanii cha Maasai Mbili kilianza 2001 na vijana waliokuwa wakiandika mabango ya maduka. Wakati wa vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, msanii Solomon Muyundo, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Solo 7, alizunguka mtaani na brashi akiandika maneno ya amani kwenye kuta na vibanda. Mwaka 2009 mpiga picha wa Ufaransa anayeitwa JR alifunika mapaa ya Kibera, kama mita mraba 2,000, kwa picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa hapa hapa. Picha zile zilichapishwa kwenye turubai lisilopitisha maji. Kwa hiyo zilikuwa picha, na tena zilikuwa paa. Mama aliangaliwa na wageni kutoka mbali, na papo hapo kitanda chake kikabaki kikavu.

Hata kabla ya hao, kiondo ni nini? Mkeka je? Ni sanaa ya mikono, na akina mama wengi huisuka wakiwa wamekaa pamoja. Huko Marekani ni desturi ya shule nyingi kila darasa kutengeneza kitu kimoja, tuseme blanketi la viraka, kisha kukiuza kwa mnada wa wazazi. Lakini mnada sisi tunaujua. Nani hajaona kuku wa mavuno akiuzwa kanisani, mnunuzi akamrudisha, akauzwa tena, hata kuku mmoja akaleta pesa za kuku watano?

KAZI TATU ZINAZOWEZEKANA

Kazi ya kwanza ni kitambaa cha viraka. Kila mtoto anapewa kipande kimoja cha amerikani. Anapiga kiganja chake chenye rangi, au anachora anachotaka. Fundi wa cherehani, au akina mama wa kikundi, wanashona vipande vyote kuwa kitambaa kimoja.

Tufanye hesabu pamoja. Darasa lina watoto 40. Tunataka kila kipande kikishashonwa kiwe na sentimita 20 kila upande. Tukate cha sentimita 22, maana mshono unakula sentimita moja kila upande. Kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu kinatoa vipande 6 kwa kila mstari. Mistari 7 inatoa vipande 42. Basi nunueni mita 1 na sentimita 60, yatosha. Mkipanga safu 8 za vipande 5, mnapata kitambaa cha mita 1.6 kwa mita 1, kinachotosha kufunika meza au kutundikwa ukutani. Vile vipande viwili vilivyobaki msivitupe. Mitaa yetu watu huhamahama, na kabla kazi haijakwisha mtoto mgeni ataingia darasani. Naye awe na chake.

Kazi ya pili ni picha ya vizibo vya soda. Watoto wanaviokota na kuviosha, wanavichagua kwa rangi, wanavipanga juu ya ubao kuwa jua, samaki au gari moshi. Kuvigonga vilale na kuvipigilia misumari ni kazi ya watu wazima, kwa sababu ukingo wa kizibo unakata vidole.

Kazi ya tatu ni ramani ya mtaa. Kipande kikubwa cha gunia au katoni, na juu yake watoto wanabandika vitambaa vya fundi, karatasi na majani makavu: hapa reli, hapa bomba la maji, hapa kwa mama mboga, hapa shule. Gundi ni unga wa ngano uliopikwa na maji. Makaa yaliyosagwa yanatoa rangi nyeusi, na udongo wetu unatoa nyekundu. Rangi hizi za nyumbani zinafaa kwenye katoni tu, kwenye kitambaa zitatoka zikifuliwa. Kwa kitambaa tumieni rangi ya maji ya ukutani, na watoto wanawe mikono kabla haijakauka. Rangi ya mafuta na tina msiwape watoto hata kidogo.

Kwa shule za jamii, kitambaa kina faida moja zaidi: kinakunjwa. Julai 2018 nyumba na shule kadhaa za Kibera zilibomolewa ili kupisha barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na Lang'ata. Picha iliyochorwa ukutani huanguka pamoja na ukuta. Kitambaa unakiweka begani unaondoka nacho.

MITEGO

Mtego wa kwanza: mtu mzima kumaliza kazi ya mtoto. Mwalimu anaona gari moshi limechorwa na miguu, anaona aibu kwa sababu ya wageni, jioni anarekebisha. Tafadhali, msifanye hivyo. Mtoto wa miaka mitano anaijua picha yake. Asubuhi akikuta miguu imefutwa, amejifunza jambo moja tu: kwamba mkono wake haukutosha. Wageni wakitaka gari moshi sawasawa, wako mafundi wa mabango watakaolichora vizuri. Hapa wananunua kazi ya watoto.

Mtego wa pili: kumwacha nje mtoto ambaye hajalipa. Hili tulisikie vizuri, kwa sababu ndilo linaloumiza. Siku ya rangi, mtoto wa deni yuko nyumbani, amerudishwa kwa sababu ya pesa za uji. Kitambaa kinashonwa bila yeye. Halafu tunasimama mbele ya watu na kusema hii ni kazi ya darasa zima. Ni uongo, na watoto wenzake wanajua ni uongo. Kamati zipatane mapema: wiki ya kazi ya mikono, hakuna mtoto anayerudishwa nyumbani. Mgonjwa atunziwe kipande chake. Asiyeweza kutumia kiganja apige kwa kiwiko au kwa unyayo.

Mtego wa tatu: kuuza kipande kimoja kimoja. Wengi mnapenda njia hii, kwa kuwa mzazi atanunua cha mtoto wake kwa haraka. Lakini fikirini. Baba wa huyu ana duka, anatoa shilingi elfu moja. Mama wa yule anafua nguo za watu mtaa wa pili, leo hakupata kibarua, na hata mkutanoni hakufika. Kipande cha mtoto wake kinainuliwa, kiko kimya. Kinainuliwa tena. Mtoto amekaa mstari wa mbele anaangalia. Hata shule ikipata bati kumi, kimya kile mtoto yule atakibeba miaka mingi. Ndiyo maana tunasema kitambaa kishonwe kwanza, ndipo kiuzwe. Kikishashonwa hakina cha fulani na cha fulani. Kizima kinauzwa kizima.

Mtego wa nne: kumuuza mtoto mwenyewe. Msiandike chini ya kazi: huyu ni yatima, huyu mama yake ni mgonjwa, nyumba yao iko mahali fulani. Andikeni jina la darasa na mwaka, basi. Mgeni akitaka kupiga picha za watoto, mzazi aulizwe kwanza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi, na hata kama isingekuwako sheria, ni adabu. Na kazi yenyewe isigeuke kibarua. Nusu saa kwa siku inatosha watoto wadogo. Tukisikia kwamba watoto wanakosa masomo ili washone bidhaa za kuuza, hiyo si sanaa tena, ni ajira ya watoto.

SIKU YA HARAMBEE NA PESA ZAKE

Pesa za umma hazichangishwi kiholela. Kabla ya kutangaza, nendeni kwa chifu mkaulize habari za kibali. Wala msijenge hesabu zenu juu ya mheshimiwa mmoja. Julai 2024 Rais alitangaza kwamba maofisa wa serikali wasishiriki harambee. Lakini hata mheshimiwa akija, je, mwaka ujao? Afadhali watu hamsini wa shilingi mia moja kuliko mtu mmoja wa elfu tano, kwa kuwa wale hamsini watakuja kuuliza bati liko wapi.

Kitambaa chenyewe tunashauri kiuzwe kama kuku wa mavuno. Anayekinunua aombwe akirudishe, kiuzwe tena, na mwisho kibaki ukutani mwa darasa. Kama kuna anayetaka kukichukua, vikundi viwili au vitatu vya akina mama viunganishe nguvu vishindane naye. Akishinda, ni sawa, pesa zimepatikana. Watoto waambiwe kazi yao imekwenda wapi.

Pesa zihesabiwe hapo hapo na watu watatu: mweka hazina, mwalimu mmoja na mzazi asiye wa kamati. Za M-Pesa zisiingie kwenye simu ya mtu binafsi bali kwenye akaunti ya shule au ya kikundi kilichosajiliwa. Jumla iandikwe kwenye ubao wa darasa, kwa tarakimu kubwa. Kisha zinunue kitu ambacho mtoto wa nasari anaweza kukigusa: dawati, tangi la maji, mlango wa choo. Mtoto akiweka kiganja kwenye tangi na kusema hili ni la kitambaa chetu, amelielewa neno harambee kuliko sisi tunaolitamka kila siku.

Ninyi wa vijijini mnaosoma haya, mna magunia, mna makuti au majani ya migomba, mna udongo wa kila rangi. Msingoje mpaka mpate rangi za dukani. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Basi na kitambaa kiwe cha mikono mingi, na kila mkono uwemo.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika shule yetu, ni watoto gani ambao mara nyingi hawamo jambo likifanyika? Nani atahakikisha wamo?

2. Kuna vitu gani karibu nasi, visivyonunuliwa, ambavyo watoto wanaweza kuvitumia?

3. Harambee iliyopita ilileta pesa ngapi, na zilinunua nini? Kama hakuna anayejua, tutaanzia wapi?

4. Baada ya mnada, kazi ya watoto ikae wapi, na nani aamue?