Uwanja wa Stesheni ya Kitale Si Ardhi ya Bure
Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia vya Saboti

Leo hatutasema juu ya ng'ombe wa maziwa wala mizinga ya nyuki. Vikundi kadhaa vimetuletea swali moja: "Pale stesheni ya Kitale kuna ardhi kubwa imelala tu, nyasi zinamea. Kuna mtu anasema atatupimia ploti za vibanda. Je, tutoe pesa za chama?"

Kabla ya kujibu, tueleze kwanza stesheni ile ilikujaje na imepangwa vipi. Mtu akijua kazi ya kila sehemu, hadanganywi upesi.

Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901. Kwetu huku haikugusa. Masetla wa Uasin Gishu walipeleka mazao kwa magari ya ng'ombe hadi Londiani, na wakati wa mvua safari hiyo ilikuwa matope matupu. Ndipo ikajengwa njia nyingine kutoka Nakuru. Ilifika Eldoret 1924, ikaendelea kupitia Webuye na Bungoma kuelekea Uganda, na Kampala ikafikiwa 1931. Pale Leseru, ukishapita Eldoret, tawi lilikatwa kuja kaskazini kupitia Moi's Bridge (zamani Hoey's Bridge) mpaka Kitale, kama kilomita 65. Lilifunguliwa 1926. Lilikuja kwa ajili ya mahindi, si kwa ajili yetu. Reli hata iliyatoza mahindi ya kwenda ng'ambo nauli nafuu ili masetla wapate faida. Wazee wetu walibeba magunia, na wakipanda gari, ni daraja la tatu.

Sasa tuangalie mpangilio. Bungoma ni stesheni ya kupitia: gari la moshi huingia upande huu likatokea upande ule. Kitale ni mwisho wa reli, na hapo ndipo siri ya ule uwanja mrefu ilipo. Fikirini wenyewe. Injini imefika ikivuta mabehewa. Iko mbele, na huko mbele hakuna njia. Itarudije? Lazima ifunguliwe, isogee mbele kidogo, ipite pointi, irudi kwa njia ya pembeni ikiyapita mabehewa yote, kisha ifungwe upande wa pili. Kwa hiyo panatakiwa njia mbili bega kwa bega, ndefu kuliko gari lenyewe, na nafasi ya kusogea kule mwisho. Mtu akijenga kibanda kule mwisho, kwa sababu ameona nyasi tu, amefunga mlango wa stesheni nzima.

Abiria huhitaji sehemu ndogo: jukwaa, ofisi ya stesheni masta na dirisha la tikiti. Sehemu kubwa ya stesheni ya namna hii ni ya mizigo. Sakafu ya ghala huinuliwa iwe sawa na mlango wa behewa, ili kibarua asukume gunia badala ya kulinyanyua. Upande wa pili wa ghala lori lazima lipate pa kugeukia. Zaidi ya hapo ziko njia fupi za mabehewa yanayongoja kupakiwa. Ninyi mnaona vumbi. Mpimaji wa reli anaona barabara ya malori.

Jambo lingine. Reli yetu ina upana wa mita 1 tu kati ya chuma na chuma, basi watu hudhani ardhi yake inaishia mataruma yanapoishia. Sivyo. Kuna ardhi ya akiba pande zote mbili, na penye stesheni hiyo akiba hupanuka.

Gari kutopita kwa miaka mingi hakubadilishi mwenye ardhi. Februari 2021, huko Kibos, Kisumu, familia nyingi za Wanubi zilibomolewa nyumba kwa sababu ya ardhi ambayo Shirika la Reli lilisema ni yake. Wao walikuwa wamekaa hapo vizazi na vizazi, na walikuwa na hoja zao. Kibanda cha miezi sita kitajitetea kwa nini?

Hatusemi biashara karibu na stesheni haiwezekani. Shirika la Reli hukodisha ardhi yake. Lakini mkataba huandikwa na shirika lenyewe, ukitaja kipande gani na muda gani, na pesa huingia kwenye akaunti ya shirika, si mkononi mwa mtu hotelini. Yule anayewapimia mwambieni alete barua hiyo. Akisema "tutaandikiana baadaye," msitoe hata shilingi. Barua ikija, ipelekeni stesheni na ofisi ya ardhi ya Kitale, muombe kuonyeshwa kipande hicho kwenye ramani.

Wale ambao wameshatoa pesa, leteni risiti kwenye mkutano wa Alhamisi. Tutakwenda ofisini pamoja, watu watatu kutoka kila kikundi, na mweka hazina awe mmoja wao.