Siki Iliyoweka Mashapo: Itumike au Imwagwe?

Ndugu walaji wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega,

Leo tunazungumzia chupa ndogo ikaayo pembeni mwa jiko, yaani chupa ya siki. Ilifunguliwa siku nyingi, kachumbari imetengenezwa mara kadhaa, na sasa chini yake pana mashapo. Je, imwagwe au itumike?

Siki ya asili hutokana na kileo ambacho bakteria, wakisaidiwa na hewa, wamekigeuza kuwa asidi. Asidi hiyo huzuia vijidudu vingi vya maradhi kustawi. Ndiyo maana siki hudumu muda mrefu. Bakteria hao wakibaki hai, hutengeneza utando laini unaoteleza, uitwao mama wa siki. Utando huo huelea, au huzama na kuwa mashapo. Siki ya matunda isiyochujwa sana huweka pia chembe za tunda lenyewe. Hayo yote hayana madhara. Ichujeni kwa kitambaa safi, muitie katika chupa kavu ya kioo, muifunike barabara na kuiweka mbali na jua.

Hata hivyo, yapo mambo matatu yasiyopaswa kupuuzwa.

Kwanza, ukungu wenye manyoya au harufu ya uvundo. Mwageni siki yote. Msiondoe ukungu wa juu na kubakiza ya chini.

Pili, siki iliyozimuliwa kwa maji. Ukali ukipungua, ulinzi nao hupungua, na achari iliyohifadhiwa kwa siki hiyo yaweza kuharibika upesi.

Tatu, na ndilo zito kuliko yote, chupa isiyojulikana asili yake. Mkoa wetu ni wa pamba, na viuatilifu vimo katika nyumba nyingi za wakulima. Chupa iliyowahi kubeba kiuatilifu haifai tena kuwekwa chakula, hata ioshwe mara ngapi. Mashapo yaliyomo humo huenda yakawa sumu. Asiyejua kilichomo asionje ili kujua. Mtu akiisha kunywa, msimtapishe. Mwahisheni kituo cha afya pamoja na chupa hiyo.

Mnaponunua siki, someni lebo: jina la mtengenezaji, kiwango cha asidi, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula nchini. Siki nyeupe kwa kawaida huwa angavu. Chupa mpya ikionekana na mashapo kabla ya kufunguliwa, irudisheni dukani pamoja na risiti. Mkibaki na shaka, mwoneni afisa afya wa eneo lenu.

Siki hununuliwa kwa fedha kidogo, ila afya ikipotea hairudishwi kwa risiti.