Bunduki Iliyokamatwa Huishia Wapi?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya masheha, walimu na wazee wa Unguja)



Tumeombwa tuseme habari za silaha ambazo polisi huzikamata, na zile zao wenyewe zilizozidi au kuchakaa. Mtu akisikia kwamba bunduki imekamatwa hudhani habari imekwisha. Sisi twaona kwamba hapo ndipo inapoanza.

Wengi waliopita Forodhani wameiona mizinga miwili ya shaba mbele ya Beit-el-Ajaib. Ni kazi ya Wareno, na yasemekana Waajemi waliiteka huko Hormuz mwaka 1622, kisha ikafika kwetu. Imebadili mabwana, nayo ingali mizima. Silaha isipovunjwa humngoja bwana mwingine.

Babu zetu waliyaona hayo kwa wingi. Mwaka 1888 balozi wa Kiingereza hapa mjini, Euan-Smith, aliandika kwamba bunduki zipatazo 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zikipita Unguja kila mwaka kwenda bara. Nyingi zilikuwa bunduki kuukuu za majeshi ya Ulaya, zilizouzwa kwa bei rahisi askari wao walipopewa mpya. Kilichokuwa takataka kwao, huku kilisaka ndovu na kuteka watumwa. Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890 yalitaka kuizuia biashara hiyo, lakini bunduki zilikwisha vuka bahari.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964. Watu ambao wengi wao walishika mapanga, mikuki na pinde waliziingia ghala za polisi za Ziwani na Mtoni, na kabla jua halijapanda bunduki za serikali zilikuwa mikononi mwao. Hatukuja kuamua nani alikuwa na haki. Jambo hilo lina mabaraza yake. Twasema tu kwamba bunduki zilizo ghalani ni za yule awezaye kuufungua mlango. Nayo serikali mpya, miezi iliyofuata, ilikuwa na kazi ya kuzirudisha, na wafuasi wa John Okello walinyang'anywa zao.

Sasa kazi yenyewe. Bunduki iliyokamatwa kwanza ni ushahidi. Hutunzwa hata kesi imalizike, na rufaa kama ipo, ndipo hakimu huamuru iwe mali ya serikali. Kati ya amri hiyo na siku ya kuharibiwa pana hatari kubwa, kwa kuwa hakuna tena anayeiulizia. Sisi makarani huchekwa kwa kupenda madaftari, lakini hapa daftari ndilo mlinzi: nambari ya bunduki isomwe inapopokewa, isomwe tena ghalani, na isomwe mara ya mwisho mbele ya moto, na kila mara watu wawili watie sahihi.

Kenya walichoma bunduki 5,250 huko Ngong mwezi wa Novemba 2016, mbele ya Naibu Rais William Ruto. Moto wa namna hiyo watu huupenda, maana wote wanauona. Lakini moto wa kuni na mafuta huteketeza kitako cha mti, na chuma chaweza kubaki. Fundi mwenye subira aweza kukitumia. Kwa hiyo mtutu na mahali pakaapo risasi hukatwa vipande kwa moto wa gesi, au chuma chote huyeyushwa katika tanuru. Msumbiji, kuanzia mwaka 1995, Baraza la Kikristo liliwapa watu majembe, baiskeli na cherehani badala ya bunduki, na mafundi wakaunda viti kwa vipande vyake.

Wala si nchi maskini tu zinazokosea. Marekani baadhi ya idara za polisi huwauzia wenye maduka bunduki walizozikamata. Nyingine huwapa watu wa kampuni waziharibu, na mwaka 2023 gazeti la New York Times lilifichua kwamba kampuni hizo zilikuwa zikivunja kipande kimoja tu, kile chenye nambari, na kuuza vilivyobaki.

Nchi yetu ni miongoni mwa zilizotia sahihi Mapatano ya Nairobi, tarehe 21 Aprili 2004, yanayotaka silaha za serikali zitiwe alama, na zilizokamatwa au kuzidi ziwe na utaratibu wa kuondolewa. Tena serikali imepata kutoa muda wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha wenyewe.

Basi, masheha, mtu akija kuwaambieni kwamba ameliona gobori la marehemu babake darini, mwambieni asilijaribu, maana huenda limeshindiliwa baruti tangu zamani. Aliache pale pale, polisi waitwe walichukue, naye apewe hati yenye nambari. Na kama halina nambari, andikeni urefu wake, rangi ya kitako na alama yo yote iliyochongwa, ili siku ya kuharibiwa litambulikane kuwa ndilo lile.