Ua la Asubuhi Moja
Ng'ambo ya mpaka kutoka Chakol, katika Uganda, wakulima wa vanila huliwahi ua lake mapema. Hufunguka asubuhi moja tu. Ndani yake utando hutenga unga wa kiume na mahali pa kike. Usipoinuliwa, ua huanguka bila kuzaa. Mwaka 1836, Charles Morren alilizalisha kwa mkono katika nyumba ya vioo, mjini Liège, Ubelgiji. Lakini njia nyepesi, ya kijiti na kidole gumba, iligunduliwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na Edmond Albius, mtumwa wa miaka 12. Basi atakayeipanda na ajue: mmea wataka kivuli, tunda wataka miezi tisa, na ua halimngoji aliyelala.